Ukitaka Kuhudumia Watoto wa Delta: Mambo ya Kufanya na ya Kutofanya

Orodha hii ni ya shule za sekondari za Delta ya Tana, kuanzia Golbanti, Ngao na Tarasaa hadi Garsen mjini. Ni ya mwanafunzi anayesema anataka "kufanya kazi na watoto", na ya mwalimu wake wa ushauri nasaha anayemjibu, "Vizuri, una huruma." Huruma kila mtu anayo. Hata jirani anayemficha mtu aliyemdhuru mtoto huwa na huruma, ila ameielekeza kwa asiyestahili. Kazi hii huendeshwa kwa sheria, kwa karatasi na kwa ulimi unaojua kunyamaza. Asiyeyaweza hayo matatu atafute kazi nyingine, na hakuna aibu.

KWA MWALIMU

Usimsukume huko mwanafunzi kwa kuwa amekosa pengine. Imezoeleka: mwenye A anaambiwa udaktari, mwenye B uhandisi, na yule mpole mwenye D anapigwapigwa begani na kuambiwa akasomee ustawi wa jamii. Upole haumsaidii mtu kuandika ripoti ya kurasa nne ambayo hakimu ataisoma. Mweleze mapema, si siku anapokaa mbele ya kompyuta ya saiba kujaza maombi ya KUCCPS, kwamba shahada inataka angalau C+ kwenye KCSE, diploma C-, na cheti D. Mweleze pia kwamba kazi hizi si moja. Afisa wa watoto huajiriwa na serikali ya kitaifa. Mwalimu wa chekechea yuko chini ya kaunti, kwa sababu Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya awali. Muuguzi, afisa wa probesheni, polisi wa dawati la jinsia na wakili wa watoto wote humhudumia mtoto yule yule, lakini kila mmoja ana mlango wake wa kuingilia, masomo yake na mshahara wake. Mwanafunzi asiyejua tofauti hiyo hajashauriwa.

Wale wa mtaala mpya, walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, waonyeshe njia ya masomo inayowafaa kabla uchaguzi haujafungwa. Mafunzo ya kuhudumia jamii ni ya lazima kwao wote, na hiyo ni nafasi nzuri. Isigeuzwe kuwa kufagia soko la Garsen kila Ijumaa.

Usimtume mwanafunzi kwenye nyumba za watu "kuchunguza". Nasema hili kwa ukali kwa sababu linafanyika, na linafanyika kwa nia njema. Klabu ya haki za watoto inapewa madaftari, wasichana wawili wa kidato cha tatu wanatumwa kijijini kuuliza nani ameacha shule na kwa nini. Mwanafunzi wa miaka 16 au 17 ni mtoto mbele ya Katiba. Umemtuma mtoto akamkabili mtu mzima mwenye jambo la kuficha, kisha jioni arudi peke yake kwa njia ya shambani. Ukitaka takwimu za walioacha shule, mwombe mwalimu mkuu wa shule ya msingi sajili yake.

Mpeleke palipo na msimamizi. Darasa la chekechea, asubuhi nzima, akae chini mkekani badala ya kusimama mlangoni akitabasamu. Kliniki ya watoto katika hospitali ya Ngao, kwa ruhusa ya uongozi. Hapo mwombe muuguzi amfunze kitu kimoja tu: kusoma mstari wa ukuaji kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Mstari unapanda mwezi baada ya mwezi, halafu unalala, halafu unashuka. Mwanafunzi aulize: mwezi huo kulikuwa na nini? Mara nyingine jibu ni mafuriko yaliyobeba mahindi na mpunga, mara nyingine mama alijifungua mwingine, mara nyingine baba alihama. Anayeweza kuuliza swali hilo bila kumlaumu mama ameanza kuifaa kazi.

Usiipeleke klabu nzima mahakamani kutazama kesi ya mtoto. Mahakama ya watoto haiketi kwa ajili ya watazamaji. Asiyehusika hubaki nje. Mwalike karani au wakili aje shuleni aeleze.

Usiifanye kazi hii iwe ya wasichana tu. Wavulana wa malishoni wanaolala na ng'ombe mbali na kwao huumizwa pia, na wengi hawatamfungulia moyo mwanamke wasiyemjua. Delta inahitaji wanaume wanaoweza kukaa na mvulana wa miaka 10 wakanyamaza naye mpaka aseme.

Na liko jambo moja ambalo shule hulikosea vibaya. Baadhi ya wanaoitaka kazi hii wanaitaka kwa sababu wao wenyewe waliumizwa. Usimkatalie mwanafunzi wa namna hiyo ukidai hataweza. Wapo wanaofaa kuliko wengine wote. Lakini usimsimamishe gwaride la Jumatatu atoe ushuhuda, wala usimwombe "awatie moyo wenzake" kwa kusimulia. Maisha yake si vifaa vya kufundishia. Mwunganishe na mshauri aliyesomea, faraghani, na umwambie waziwazi kwamba kazi haitamponya. Akitaka kungoja miaka miwili kabla ya kuomba chuo, mwache angoje.

KWA MWANAFUNZI

Soma Sheria ya Watoto ya 2022. Soma sheria yenyewe, si bango lililobandikwa ofisi ya chifu. Ndiyo iliyoifuta ile ya 2001. Anza na Kifungu cha 53 cha Katiba, kisha ingia ndani. Utakuta kwamba umri wa mtoto kuweza kushtakiwa kwa jinai umepandishwa kutoka miaka 8 hadi 12, na kwamba aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hajui kupambanua kosa mpaka mahakama iridhike vinginevyo. Kwa hiyo mvulana wa miaka 11 aliyekamatwa na maembe ya watu hapandishwi kizimbani, na anayemtisha kwa jela anasema uongo. Utakuta pia kafala, malezi ya mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu, ambayo si sawa na kuasili. Ukifanya kazi kati ya Waorma, Wawardei na Wapokomo Waislamu bila kulijua hilo, utapendekeza jambo ambalo familia haiwezi kulikubali, kisha uandike kwamba familia ni wakaidi.

Usimwahidi mtoto siri. Mtoto akikwambia, "Nikikwambia hutasema?" jibu ni moja: "Sitamwambia mtu asiyehusika, lakini kama kuna mtu anayekuumiza lazima nimwambie anayeweza kukusaidia." Huenda akanyamaza. Vumilia. Kunyamaza kwake leo ni afadhali kuliko agundue kesho kwamba wa kwanza kumwamini ndiye wa kwanza kumdanganya.

Usimhoji. Hili gumu kwa vijana, kwa sababu wanadhani kumsaidia mtoto ni kupata habari zote. Usimwulize, "Ni mjomba, sivyo?" Ukishamtajia jina, umelipanda, na wakili wa utetezi atalivuna. Sema: "Nieleze." Akikwama sema: "Halafu?" Akilia, mpe maji. Ukishajua kwamba ameumizwa na yuko hatarini, umejua ya kutosha. Yaliyobaki yanaulizwa na aliyefunzwa kuuliza, na yaulizwe mara moja. Mtoto anayesimulia jambo lile lile kwa mwalimu, kwa nyanya, kwa mzee wa kijiji, kwa chifu na kwa polisi hulisimulia mara tano kwa namna tano, na tofauti hizo ndizo zitakazomwachilia mshtakiwa.

Usimwogeshe. Mama yeyote atataka kumwogesha mtoto aliyenajisiwa na kumbadilisha nguo. Ni silika, na inaharibu ushahidi. Apelekwe hospitali kama alivyo. Ikiwa nguo zimeshavuliwa, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki zinatota jasho na kuoza. Hospitali kwanza, polisi baadaye, na asikwambie mtu kwamba daktari hawezi kumgusa bila karatasi ya polisi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ni hasara. Kwa mtu wa Golbanti wakati barabara imekatwa na maji, saa 72 si nyingi. Hospitalini huandikwa fomu ya matibabu ya aliyebakwa. Polisi ndiko kwenye P3. Zijue zote mbili kwa sura kabla hujazihitaji.

Usikae kwenye kikao cha maslaha, yaani usuluhishi wa wazee, kuhusu mtoto aliyenajisiwa. Hapa ndipo kazi inapowashinda wengi, na hapa nitakaa.

Delta ina mabaraza yenye heshima, Gasa la Wapokomo na Matadeda la Waorma. Wazee hao wanajua mashamba ni ya nani tangu enzi za babu, wanazijua malka ambako ng'ombe hushuka mtoni kunywa, na kwenye ugomvi wa malisho na maji hakuna hakimu wa kuwashinda. Baada ya yale mauaji ya 2012 na mwanzoni mwa 2013, yaliyopita Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao na kuchukua roho zaidi ya mia, hakuna mtu mwenye akili katika delta hii anayedharau wazee wanaoweza kukaa mkeka mmoja.

Lakini kunajisiwa kwa mtoto si ugomvi wa mpaka. Kikao chenyewe kinajulikana kinavyokwenda. Mkeka umetandikwa chini ya mwembe, chai ya maziwa imeletwa. Ndugu wa mtuhumiwa anaanza kwa kuusifu ujirani: tumezikana, tumeoana, mafuriko yalitukuta pamoja. Kisha inatajwa mifugo, au shilingi. Baba wa mtoto anachora chini kwa kijiti. Mama hayupo. Mtoto hatajwi kwa jina hata mara moja. Anaitwa "jambo hili". Mwishoni fidia inakwenda kwa baba, dua inasomwa, na asubuhi mtoto anakwenda kuchota maji mahali pale pale anapochota yule aliyemuumiza.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 haina mkeka. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo hufungwa maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 na 17, si chini ya 15. Kesi ni ya Jamhuri. Baba hana uwezo wa kuisamehe, mzee hana, chifu hana, na wewe huna. Basi ukijikuta umeitwa kwenye kikao hicho, usibishane na wazee wala usiwahutubie. Wewe ni kijana na utaonekana huna adabu, na adabu yako ndiyo itakayojadiliwa badala ya mtoto. Salimia kwa heshima, omba ruhusa, ondoka, kisha ripoti siku ile ile: kwa afisa wa watoto, kwa dawati la jinsia, au kwa simu namba 116, ambayo ni ya bure usiku na mchana. Mzee mwenye busara atakuelewa. Pengine atakuwa amekwisha kumwambia baba wa mtoto kwamba hili si la mkekani, lipelekwe Garsen.

Ukeketaji hali kadhalika. Sheria ya 2011 imeweka kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000, na kujua bila kuripoti ni kosa pia. Ila usiugeuze kijembe cha kabila. Ukifika boma la watu kama mtu wa kabila jingine aliyekuja kuwafundisha ustaarabu, utafichwa wasichana wote.

Andika, na andika ulichokiona. "Mtoto ananyanyaswa nyumbani" si ripoti, ni hukumu. Ripoti ni hii: "Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, mtoto wa darasa la tatu alifika bila kiatu cha kushoto. Kiganja cha kulia kimevimba, kuna alama mbili nyekundu nyuma ya mguu. Nilimwuliza, 'Imekuwaje?' Akasema, 'Nimeanguka kwa baskeli.' Kwao hawana baskeli. Haya nimeambiwa na dada yake, darasa la sita. Nimemjulisha mwalimu wa zamu saa mbili na nusu." Hakuna neno "nadhani". Maneno ya mtoto yameachwa yalivyo, hata kama ni Kipokomo au Kiorma. Tafsiri huja mstari wa chini. Fanya zoezi hili kila wiki juu ya jambo dogo lolote, ugomvi wa foleni ya chakula unatosha, umpe mwalimu wa Kiswahili akusahihishe. Mwaka ukiisha hutakuwa umepoteza kitu hata ukiamua kusomea ufundi magari.

Jifunze lugha ya upande wa pili. Mpokomo ajifunze Kiorma, Morma ajifunze Kipokomo. Kiswahili kinatosha dukani, lakini mtoto aliyeshtuka hurudi kwenye lugha aliyobembelezwa nayo. (Lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya ilitoka kwenye bembelezo la Kipokomo, lililotolewa na Mzee Meza Morowa Galana. Nchi nzima husimama wima kwa wimbo wa kumlaza mtoto wa Tana, halafu ofisi ya huduma za watoto haina mtu wa kuzungumza na mtoto huyo.)

Mafuriko yakija, usimkabidhi mtoto kwa mtu kwa sababu tu mtoto anamjua. Yalikuja 2018, yakaja mwishoni mwa 2023, yakarudi 2024, na yatakuja tena. Anayejiandaa kwa kazi hii katika Delta bila kujiandaa kwa kambi anajiandaa kwa nchi nyingine. Kambini mwandikishe kila mtoto asiye na mzazi: majina yake matatu na jina la utani, jina la mama, kijiji, lugha, alikuwa na nani mara ya mwisho, ana kovu wapi. Aje wa kumchukua, asimame kando, aulizwe yale yale. Majibu yakilingana, bado afisa wa watoto au chifu ndiye wa kuidhinisha. Mtoto anamjua hata mwenye duka aliyempa peremende.

Usipige picha. Usipige kwa ajili ya hali ya WhatsApp, wala kwa mfadhili, wala kwa kuwa mtoto amecheka akaomba apigwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na hata ridhaa ikiwepo, mtoto aliyepigwa picha akiwa uchi kuanzia kiunoni kwenye tope la kambi atakuwa mtu mzima siku moja. Golbanti imepokea wageni wenye nia njema tangu Wamethodisti walipojenga kituo chao hapa katika miaka ya 1880, na Mei 1886 mmisionari wao John Houghton na mkewe waliuawa hapo hapo. Waliofuata ni wengi. Siku hizi huja na kamera. Mgeni akitaka picha, mwelekeze kwenye mto.

Usiote kufungua makao ya watoto. Vijana wengi wakiulizwa ndoto yao husema hivyo, na watu hupiga makofi. Serikali ilisitisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia. Sababu yake ni nyepesi: wengi wa walio makaoni wana ndugu. Shangazi aliyeshindwa kumlea yatima kwa kukosa unga anahitaji unga, na msaada wa Inua Jamii kwa yatima, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni mdogo lakini unamwacha mtoto kwao. Kazi yako itakuwa kumtafuta shangazi huyo, kwa pikipiki, kwa mtumbwi, kwa miguu, na kurudi kumtazama baada ya mwezi.

Usimwite mtoto chokoraa. Usimpe mtoto mmoja zawadi mbele ya wenzake. Usikae naye chumbani mlango umefungwa, hata ukiwa mwanamke, hata ukiwa mchungaji. Usimkope mzazi wake pesa.

Tafuta cheti cha tabia njema cha DCI mapema, utaulizwa kila uendako. Ikiwa huna cheti cha kuzaliwa, anza na hicho; itakuwa kichekesho afisa wa watoto mtarajiwa kukosa hata hicho.

Na siku itakapokuwa umehitimu, umepangiwa kituo nyumbani, faili likaletwa mezani lenye jina la binamu yako, au la mzee aliyekulipia karo, usilifungue. Mwandikie mkuu wako barua siku hiyo hiyo kwamba una uhusiano na mhusika, kabidhi faili kwa saini, na weka nakala. Nyumbani wakikupigia simu, waambie haliko kwako. Usiulize limefikia wapi.